Walituletea sadaka ya mjane pale Idodi, kumbe walikuwa wananiposa

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea zote kwa pamoja, maana humu ndani sidhani kama kuna aliyenizidi umri.

Nimeshapita themanini. Simu ni ya mjukuu, vidole ni vyangu. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya ipiteni tu.

Ninachoandika hapa kilinipata mimi mwenyewe. Nikiongeza neno la uongo, Mungu auchukue na huu mkono mmoja uliobaki mzima.

Naanzia pale pabaya kabisa, halafu nitarudi nyuma.

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani, jua la Idodi mnalijua. Mimi na mama tuko nyumbani, hatukwenda ibadani siku hiyo kwa sababu mama alikuwa anaumwa mgongo. Tukasikia nyimbo zinakuja. Nyimbo za kanisa kabisa, wanawake wanaimba na kupiga makofi.

Mama akaniambia, "Salome, amka, lete ungo. Wametukumbuka tena."

Akatoka nje na ungo mkononi kupokea. Uso wake ulikuwa na furaha, mpaka leo nauona.

Wale wanawake hawakuwa na kitu kichwani. Hakuna unga wala maharage. Wakaingia uani wakiimba, wakampita mama na ungo wake kama wanampita mti, wakaja kunishika mimi mikono yote miwili.

Mmoja akamgeukia mama, akapiga goti, akasema, "Mkwe, tumekuja kumchukua mwali wetu."

Mama akauliza, "Mkwe wa nani?"

Wakacheka. Walidhani anatania.

Wakuu, sasa ngoja nirudi nyuma muelewe.

Mama yangu ni Msafwa wa Uyole. Baba alikuwa Mhehe wa Idodi, akaenda Mbeya ujanani kutafuta kazi, akaipata kwenye shamba la mzungu mmoja. Akamuoa mama hukohuko, akatuzaa hukohuko. Wenzangu wawili walikufa wachanga, nikabaki mimi. Nimekulia kwenye baridi, kwenye viazi na ukungu. Kihehe nilikuwa nasikia maneno ya kuombea maji tu.

Miaka ya hamsini katikati, enzi za Mwingereza bado, baba akaanza kukohoa damu. Akasema hataki kuzikwa kwa watu, anataka kwao. Tukapanda lori la mizigo mpaka Iringa, tukashuka mpaka Idodi.

Hakumaliza hata mvua za mwaka ule. Tukamzika.

Ndugu zake wote walikuwa wameshaondoka kwenda mashamba ya mkonge. Hakuna baba mkubwa, hakuna baba mdogo, hakuna shangazi. Tumebaki mimi na mama kwenye nyumba ya udongo, ugenini, kwenye joto, na jembe letu la Uyole limelika mpaka limebaki kama kijiko.

Mahindi yetu machache nyani waliyamaliza. Tukawa tunakula mboga za porini na chumvi.

Hapo ndipo kanisa likaja.

Na niseme ukweli, mwanzoni nilimshukuru Mungu. Mwinjilisti wetu alikuwa anaitwa Elia Ngulo. Mrefu, mpole wa sauti, akihubiri hata mbwa wananyamaza. Jumapili moja akasimama akasema kuna mjane kati yetu analala njaa, na sisi tunaimba. Akasema imani bila matendo imekufa. Watu wakatoa machozi.

Mzee wa kanisa aliyeshika mambo ya wajane alikuwa Zakayo Kisumbe. Namtaja jina lake lote makusudi. Mtu wa ng'ombe na vihenge, kifua mbele, koti hata kwenye jua.

Jumapili iliyofuata wakaja wote na vitu vichwani. Unga. Maharage. Blanketi. Chumvi kwenye kifuko. Mama alilia. Alipiga magoti kwa kila mmoja mpaka nikamwona magoti yamechubuka.

Vitu vyote vilipokwisha kuwekwa chini, Zakayo akatoa jembe jipya. Lilikuwa chuma kitupu, bila mpini. Akalishika kwa mikono miwili akamwambia mama, "Mama Salome, hili pokea kwa mikono miwili."

Mama akapokea. Akalitazama, akasema, "Mzee, mbona halina mpini?"

Watu wakaangua kicheko. Zakayo naye akacheka, akasema, "Mpini si kazi yangu, mama."

Mama akapiga makofi ya shukrani kama wanavyofanya kwao. Wanawake wakapiga vigelegele. Tena virefu, vile vya kuzunguka.

Mimi nikasema moyoni, watu wa huku wana upendo. Wanampigia mjane vigelegele kwa kupewa jembe.

Wakuu, wale wa kule mnaosoma hapa nadhani mmeshajua. Wengine niwaambie.

Kwa watu wa kule, wakati ule, jembe jipya lisilo na mpini likiingia nyumba yenye msichana, hiyo ni posa. Halikuja kulima. Linatunzwa ndani, juu ya dari, lisiguse udongo. Wenyewe wakikubali, linakaa. Wakikataa, linarudishwa kama lilivyokuja, linang'aa, na hakuna ugomvi. Kila mtoto wa Idodi alikuwa anajua hilo kama anavyojua jina lake.

Mama yangu hakujua. Kwao Uyole jembe ni jembe.

Na mimi nilikuwa mwanamke mzima wa miaka kumi na minane nisiyejua chochote cha kwa baba yangu.

Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo panaponiuma kuliko mkono.

Kesho yake asubuhi mama akaenda porini akakata mti mgumu. Akakaa uani akauchonga. Akauchoma mkia wa lile jembe motoni mpaka ukawa mwekundu, akatoboa nao kichwa cha mpini, moshi ukatoka, akaligonga likakaa.

Wakati huo rafiki yangu alikuwepo. Anaitwa Rebeka, binti yake Zakayo. Ndiye alikuwa rafiki yangu wa pekee Idodi. Tuliimba pamoja, tulisukana, alinifundisha Kihehe. Alikaa juu ya kinu chetu anamtazama mama.

Akauliza, "Mama, unalitia mpini?"

Mama akamjibu, "Sasa mwanangu, nililimie kwa meno?"

Rebeka akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nikacheka kwa sababu yeye anacheka. Mama naye akacheka. Tulicheka wote watatu pale uani.

Halafu mama akaenda kulima. Alilima shamba lote la baba kwa lile jembe. Njia ilikuwa inapita pembeni, watu wanapita wanasimama wanamtazama. Wengine wanashika mdomo. Mama anawapungia mkono. Aliniambia jioni, "Hawa watu hawajawahi kuona mwanamke wa Mbeya akilima."

Hakuna aliyesimama akasema dada, hilo jembe usilime nalo. Hata mmoja, kijiji kizima, na wote Wakristo.

Basi, tukala ule unga, tukalala kwenye lile blanketi. Mahindi yakaota, nyani tukawafukuza, tukaanza kupata nguvu. Jumapili tunakwenda kanisani mapema. Elia anamtaja mama kwenye mahubiri, eti mfano wa neema.

Ndiyo mpaka ile Jumapili niliyoanza nayo, wanawake wameingia uani wanaimba.

Mama aliposema mkwe wa nani, Zakayo mwenyewe akatokea nyuma na wazee wawili, na Elia mwinjilisti, na Biblia yake kwapani. Wakakaa kwenye magogo yetu kama kwao.

Zakayo akasema, "Mama Salome, binti sasa aende kwa mume wake. Mdogo wangu Danieli yuko Rujewa anamsubiri."

Huyo Danieli Kisumbe nilikuwa nimemsikia. Alikuwa analima mpunga Rujewa. Wanawake wawili walimkimbia, mmoja na jino moja pungufu. Idodi nzima ilikuwa inamjua, hakuna nyumba iliyokuwa tayari kumpa mtoto.

Ndiyo maana wakatafuta nyumba isiyojua.

Mama akasema, "Mume gani? Nani alikuja kuposa hapa?"

Mzee mmoja akasema, "Jembe ulipokea mbele yetu wote. Kwa mikono miwili."

Mama alikimbia ndani akatoka na lile jembe, limejaa udongo mkavu, mpini umeshakuwa laini kwa mikono yake. Akaliweka miguuni pa Zakayo. "Hili hapa! Chukueni jembe lenu! Sikujua! Wallahi sikujua!" Hata aliapa kiapo cha Kiislamu kwa kuchanganyikiwa.

Yule mzee akaligusa kwa fimbo tu. Akasema, "Limekula udongo. Haliwezi kurudi. Ungekuwa hutaki ungelirudisha jipya."

Mama akamgeukia mwinjilisti. Akamshika miguu. "Mwalimu Elia, wewe ulisema kanisani ni sadaka. Ulisema mbele ya madhabahu. Waambie!"

Nilimtazama yule mtu. Nilikuwa na hakika kabisa ataongea na mambo yataisha.

Elia akatazama pembeni, akasema kwa ile sauti yake ya upole, "Mama, kanisa lilitoa unga, maharage, chumvi na blanketi. Jembe halikuwa la kanisa."

Maana yake alijua. Siku ile vitu vinawekwa chini, anaomba baraka amefumba macho, alijua kipi ni cha Mungu na kipi ni cha Zakayo. Akaviombea vyote pamoja.

Na sikilizeni, hata kwa mila yao wenyewe lile jambo lilikuwa haramu. Nilikuja kuambiwa baadaye na watu wazima wa kule. Jembe la posa halipokelewi na mjane. Linapokelewa na ndugu wa baba wa msichana, na anaulizwa wazi, unajua hili ni nini? Mama hakuulizwa. Walilificha kati ya unga na maharage ili asiulize.

Wakanichukua. Rebeka ndiye aliyenishika mkono wa kulia. Nikamwambia, "Rebeka, waambie basi, wewe ulikuwepo." Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nyamaza, utazoea. Sasa wewe ni mama yangu mdogo."

Mama alitufuata mpaka njia kuu. Halafu mgongo ukamshinda akakaa chini.

Ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Mambo ya Rujewa sitayaandika yote, kuna watoto wanasoma humu. Niseme tu Danieli alikuwa vile walivyosema. Akiwa mzima hasemi, akinywa anasema kwa mikono. Siku moja niliunguza wali. Akanishika mkono wa kulia akauvunjia kwenye kizingiti cha mlango, kama mtu anavunja kuni. Hakuna aliyenipeleka hospitali. Ulijiunga wenyewe, umepinda, mpaka leo sisongi ugali.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa wa Rujewa. Waliniuliza, je, jembe lilipokelewa kwenu? Nikasema ndiyo. Wakasema rudi kwa mumeo, tutakuombea.

Sasa wakuu, aliyeniokoa hakuwa wa kanisa.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mchele, mzee wa asili ya pwani, tunamwita Mzee Abdalla. Wanawake tulikuwa tunapepeta mchele kwenye ghala lake tunapata chenga za kupika. Mimi nilikuwa napepeta na mkono mmoja, ungo nimeubana kwenye nyonga.

Akanitazama siku nyingi bila kusema. Siku moja mchana, lori lake linapakia kwenda Mbeya, akasimama karibu yangu akauliza, "Binti, kwenu wapi?"

Nikasema Uyole.

Akasema, "Lori linapita Uyole."

Nikaanza kumweleza. Akainua mkono. "Usiniambie kitu. Nikiulizwa nataka niseme sijui, na mimi sitaki kusema uongo. Panda."

Nikapanda juu ya magunia na nguo niliyovaa. Akanirushia kikoi chake nijifunike vumbi. Akamwambia dereva, "Huyu mshushe pale anaposema yeye, si pale unapotaka wewe." Sikudaiwa kitu. Hakuniuliza dini. Mpaka anakufa hakuwahi kurudi kudai hata asante.

Nikafika kwa mjomba wangu Simoni, Uyole. Nikamwambia nenda kamlete mama.

Ilikuwa masika, njia imekatika. Akasubiri ikafunguka, akaenda.

Akarudi peke yake. Amebeba kanga ya mama, imekunjwa.

Alichokikuta ni hiki. Habari ya mimi kukimbia ilipofika Idodi, Zakayo alikwenda kwa mama akachukua mahindi yote ya lile shamba, akasema yamelimwa na jembe lake. Akachukua na blanketi. Jumapili Elia akasimama mbele akatangaza kwamba Mama Salome ametengwa, na mtu asimpelekee kitu mpaka atakapomrudisha mke wa mtu.

Halafu mama akashikwa na homa. Mjomba aliuliza jirani mmoja mmoja. Mmoja akamwambia, "Tulikuwa tunamsikia anaita. Lakini ilikuwa imetangazwa."

Imetangazwa! Mtu anaomba maji, wewe unasema imetangazwa!

Mjomba alisema siku aliyofika Idodi aliwakuta wanawake wa kanisa njiani wana vitu vichwani, wanampelekea sadaka mjane mwingine, wanaimba.

Nyumba yetu walikuwa wameshaiezua nyasi za paa.

Najua wapo watakaosema bibi anachukia kanisa. Sichukii. Mimi Mkristo mpaka leo, Jumapili nikibebwa nakwenda. Mama yangu mwenyewe pale Uyole alikuwa akichimba viazi, ndoo ya kwanza ni ya jirani aliyelala njaa, anaipeleka anaimwaga mlangoni anaondoka kabla hajashukuriwa. Nilijua sadaka ni nini kabla sijafika Idodi.

Nilichojifunza ni kimoja, na wajukuu zangu wote nimewafundisha. Mtu akikuletea msaada mbele za watu, na wewe mwulize mbele za watu hao hao: hiki ni nini, na kesho utarudi kutaka nini? Akikasirika, mrudishie papo hapo kabla hujala. Njaa ina aibu, lakini ulizeni.

Mtasema mbona umekaa kimya miaka yote hii. Nilikuwa na watoto wa kulea. Niliolewa tena na mtu mwema, marehemu sasa, sikutaka awaze. Na Zakayo alikufa, Elia alikufa, Danieli alikufa kwa pombe yake. Nikasema ya nini.

Ila mwezi uliopita mjukuu akanionyesha video kwenye simu. Kanisa la kule linagawa msaada kwa wajane. Unga, mafuta, sabuni. Mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, amekaa bikizee amevalishwa kitenge kipya, mchungaji kijana anamshikia kipaza sauti. Wanasema huyu ndiye mama wa wajane, kazi hii ameirithi kwa baba yake, mzee Zakayo Kisumbe, mtu wa Mungu.

Nikamwambia mjukuu rudisha nyuma. Akarudisha. Kicheko kile kile.

Ni Rebeka. Mzima. Ana akili zake, anaongea.

Basi uzi huu ni wake, nyie wengine mmesoma tu.

Wakuu mliopo Idodi, Iringa mjini, popote mnapomfahamu, nawaomba mumsomee haya yote polepole, na yule mchungaji kijana awepo asikie ni nani anayemshikia kipaza sauti. Mkishamsomea mwandike hapa chini alichosema, hata akitukana andikeni.

Rebeka, sitaki pole yako, na usiniletee mambo ya mila, wala usimsingizie baba yako aliyekufa. Baba yako alikuwa na hila yake, mwinjilisti alikuwa na woga wake. Wewe ulikuwa rafiki yangu, na ulikuwa na siku nzima.

Ulimwona mama anatia chuma motoni. Ungesema mama usifanye hivyo, hilo linarudishwa. Maneno hayo tu, na angelirudisha jioni ile ile, na angekuwa hai, na mimi ningekuwa na mikono miwili.

Kwa nini hukusema?

Nijibu ungali hai.